Tuta la Tisa

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeulalia mto Sil.
Nashuka ngazi za mawe hadi tuta la tisa,
makasi mfukoni, kofia ya marehemu baba kichwani.
Mlima huu umesimama wima,
hata mbuzi hufikiri mara mbili.
Zabibu zimeanza kugeuka:
punje moja nyeusi katikati ya kijani,
kama jino bovu katika kicheko cha mtoto.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza,
nzito mkononi.
Kila tawi, kichala kimoja.
Viwili, kama tawi limefika unene wa kidole gumba.
Kilichopanda mabegani mwa mwenzake, kata.
Kilichochelewa, kingali kigumu kama kokoto, kata.
Kizuri pia, kikiwa kimebanana na kizuri zaidi,
na hapo ndipo makasi husita.

Sikio huzoea. Tk, kisha po:
sukari ambayo haitakuwapo
inagonga mawe bapa, inabingirika,
inatulia.

Leiro, fundi wa divai, aliniambia tangu mwanzo:
mtaka yote hukosa yote.
Mzabibu una pumzi moja;
igawe kwa vichala ishirini,
kila kimoja kitapata kikohozi.

Nyuma yangu, bibi Hermitas na ndoo ya bati.
Miaka tisini na moja,
ngazi anazishuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka melini.
Haokoti ili ale,
ukali wa kijani hiki hukunja hata uso wa nguruwe.
Anaokota tu.
Ameokota tangu mwaka ule wa kwanza nilipokata,
mwaka ambao hakunisemesha hadi Novemba,
akampelekea padri habari
kwamba mjukuu wake anamwaga chakula cha Mungu chini.

Leo ameketi juu ya ukuta wa tuta.
Anatoa vichala ndoonini, kimoja kimoja,
anavipanga kwenye jiwe
kama anayehesabu chenji asiyoiamini.

“Huyu Avelino,” anasema.
“Huyu Xenerosa.
Huyu Delmiro, yule wa sikio bovu.
Huyu Pura.”

Sikuelewa, mpaka aliponyamaza.

“Tulikuwa sita. Shamba ni hili hili.
Mwaka wa njaa, baba alituzungusha macho mezani
kama wewe unavyolitazama tawi.
Wanne wakapelekwa Vigo, bandarini,
na kutoka Vigo, Montevideo.
Wa tano, homa haikungoja makasi.
Barua zilikuja, kisha zikachelewa,
kisha zikawa kadi za Krismasi
zenye picha za watoto tusiowajua majina.”

Nilitaka kumwambia: bibi, ndiyo maana nyumba haikuanguka.
Nilitaka kumwambia habari za ngozi nene,
za rangi, za divai inayokaa ulimini
hata baada ya glasi kuoshwa.
Nikayameza yote.
Nikauliza swali la kijinga:
“Na wewe uliyebaki, ulikuwa mtamu?”

Alicheka mpaka ndoo ikalia.
“Nilipata jua lote,” akasema.
“Jua la watu sita. Usidhani halichomi.”

Kisha akanyoosha mkono. Nikampa makasi.
Alichagua muda mrefu,
akikipima kila kichala kiganjani kama yai la kuatamia.
Alichokata kilikuwa kizuri kuliko vyote vya tuta la tisa,
Leiro angelia.
Hakukiacha kianguke.
Alikitia mfukoni mwa aproni, akaufunga kwa pini,
akaanza kupanda, safari hii uso mbele,
makasi yangu bado mkononi mwake.

Nikakaa pale alipokaa.
Jiwe lilikuwa na joto.
Wale wanne hakuwarudisha ndoonini,
nami sikuthubutu kuwagusa.